Sentensi ya Sekunde Nne

Msomaji wa maelezo ya filamu za wanyama alikuwa na uongo mmoja tu kazini, tena mdogo. Katika kipindi cha kwanza cha nyoka, picha ya swila, nyoka atemaye sumu machoni, ilizidi maneno kwa sekunde nne, na bosi hakutaka kimya hewani. Basi akajaza pengo kwa sauti yake ya kitaalamu: "Swila hamtemei sumu asiyetikisika." Hakuna kitabu kilichosema hivyo, aliitunga papo hapo. Mwenye sauti nzuri haulizwi cheti.

Leo asubuhi alikuwa kwenye kijichumba cha kurekodia, akisoma kipindi cha pili. Kwenye visikilizio akasikia mlio wa nyoka, kama hewa inayotoka kwenye tairi. Akamsifu moyoni shemeji yake, fundi sauti aliyekaa upande wa pili wa kioo. Picha ikaisha, televisheni ikawa nyeusi. Mlio ukaendelea.

"Shemeji, zima sauti ya filamu."

"Mbona nimeshazima? Hiyo inatoka kwako."

Akavua visikilizio. Chumba cha pili walikuwa wakipiga picha za karibu za swila wa kufugwa, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyefunga sanduku. Akatazama chini. Swila alikuwa kati yake na mlango, shingo imetanuka.

Akarudi nyuma hadi ukutani. Shemeji naye, mtu wa kusaidia kwanza na kufikiri baadaye, akafungua mlango, ufagio mkononi. Swila akamgeukia, akainua kichwa. Shemeji akaganda hapo hapo, macho yamemtoka pima.

"Usihofu, shem," akanong'ona. "Tusimame tu. Si ulisoma mwenyewe?"

Maskini, alikuwa anaisubiri sumu kwa imani yote. Msomaji aliyatazama macho yale mawili, akaiona kazi yake, jina lake na aibu yake, na muda wa kuchagua haukuwepo.

"Fumba macho, shemeji! Niliitunga! Fumba!"

Shemeji akaziba uso kwa mkono, na sumu ikarukia shati. Mwenye nyoka akaja mbio na ndoano na gunia, akamtia nyoka wake ndani huku akimkemea kama mtoto mtoro.

Shemeji alikaa sakafuni, akipepesa macho kuhakikisha bado anayo yote mawili.

"Uliitunga?"

"Sekunde nne zilikuwa tupu."

Shemeji hakucheka. "Na kipindi kile kilishaonyeshwa Jumapili."

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipomshika msomaji. Jumapili ile mama yake alipiga simu kutoka nyumbani kwake kwenye vichaka, kichwa kimemvimba kwa fahari: wajukuu wote walikaa mbele ya televisheni kumsikiliza shangazi yao. Akachukua simu, akampigia.

"Mama, watoto wako wapi?"

"Karibu wote wapo ndani wanakula," mama alicheka. "Wamezua mchezo wako, mwanangu. Mmoja anakuwa nyoka, wengine wanasimama tuli, macho wazi. Na huyu mdogo ndiye bingwa wao. Namwona hapa dirishani, yupo peke yake nje kwenye lundo la kuni, ameganda, amelikodolea macho. Wenzake wameshaacha zamani, yeye namwita, haitiki."

Akapiga yowe, bila ile sauti nzuri.

"Mama, mpigie kelele afumbe macho!"