Moshi Ulikuwa na Kazi Yake

Mawingu yalipoanza kujikusanya, mkamwana wa nyumba ile alipanda juu ya kigoda kuteremsha mbegu, unga ukammwagikia usoni. Wala haukuwa unga wa kula. Ulikuwa wa fukusi. Mahindi yote ya mbegu yaliyoning'inia juu ya jiko yalikuwa yamebunguliwa, ukiyagusa yanachuruzika wadudu. Hakuhitaji kumtafuta mchawi. Mchawi alikuwa yeye mwenyewe.

Alipoolewa alimkuta mama mkwe wake akipikia mafiga, moshi umetanda, anakohoa hata majirani wakambandika jina la Bi Kengele, kwa kuwa alisikika kabla hajaonekana. Mkamwana akamhurumia. Baada ya mavuno akamleta fundi, akajenga jiko la udongo lenye bomba la kutoa moshi nje. Bi Kengele alinung'unika kwamba chakula kisicho na moshi ni sawa na maji ya kuoga, kisha akanyamaza, na kikohozi nacho kikanyamaza. Watu walimsifu mkamwana, naye hakuchoka kusifiwa. Ila hakuna aliyejiuliza ule moshi, pamoja na ubaya wake, ulikuwa na kazi gani kule juu. Ulikuwa ukifukuza wadudu kwenye mbegu, miaka nenda miaka rudi, bila kupewa asante.

Na mwaka wenyewe haukuwa wa kukosea. Msimu uliopita mvua ilinyesha kwa kubania, majirani walishakula mbegu zao, na duka la pembejeo lilibaki na rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo. Wasipopanda kwa mvua hii, watoto wangelala na maji ya moto tumboni.

Mkamwana akakaa sakafuni, akalia. Aliwaza kuyaficha. Aliwaza hata kulibomoa jiko. Mwishowe akayafunga mahindi kwenye kanga, akayapeleka uani, mama mkwe wake alikokuwa akinoa jembe, akayamwaga mbele yake.

"Mama, nimetuua. Jiko langu limekula mbegu."

Bi Kengele akayatazama, lakini hakushtuka. Akawa anachokoachokoa hindi moja kwa kidole.

"Nilijua," akasema. "Unga wa fukusi ulikuwa unadondoka, mimi naufagia alfajiri kabla hujaamka. Niliogopa ukiuona utanirudisha kwenye mafiga. Nimepumua, mwanangu, nikanogewa. Nikajidanganya kwamba wadudu ni wachache."

Mkamwana akamkodolea macho. Hasira zilimpanda, kicheko nacho kikampanda, na kicheko ndicho kilichotangulia kufika. Wakacheka wote wawili mpaka kuku wakahama ua. Kisha wakaacha, maana njaa haichekewi.

Wakapukuchua yote, wakachambua punje kwa punje. Zilizoliwa kiini wakawapa kuku, zilizotobolewa ubavuni tu wakaziweka kando. Bi Kengele alishikilia kwamba punje haioti kwa unene, huota kwa kiini, na yenye kiini ina haki ya kujaribiwa. Wakafunga chache kwenye kitambaa kibichi. Walipokuja kukifungua, karibu nusu zilikuwa zimetoa vimizizi vyeupe. Mkamwana alifurahi kama aliyeletewa posa upya. Wakakubaliana kutia punje nne kila shimo badala ya mbili, na pembeni wapande kunde zilizonusurika ndani ya dumu la majivu. Jiko lisiguswe, mbegu za mwakani nazo zitalala majivuni.

Mvua ikaja, safari hii bila ubahili. Waliamka kila siku kwenda kukagua shamba, wakirudi na tope mpaka magotini, hadi asubuhi moja udongo ukapasuka na vijani vikachungulia. Mashimo mengine yalibaki matupu. Mengine yalijaa miche inayosukumana.

Ilipofika wakati wa kupunguza, Bi Kengele aliinama kwenye shimo lenye miche minne, akashika mmoja.

"Imezidi," akasema. "Sikudhani mwaka huu ningelitamka neno hilo."

Akaung'oa pamoja na udongo wake. Mkamwana akaupokea kwa mikono miwili, akaupandikiza kwenye shimo tupu lililofuata. Chini kote kulikuwa kumelowa.