Mifuko Mitupu

Kundi lile la jazi lilikuwa na watu wanne na sheria moja. Watu wenyewe ni hawa: Fundi Saa, aliyepuliza saksafoni; shemeji yake, fundi friji, aliyepiga besi ile kubwa ya kusimama inayomzidi mtu kimo; mwalimu mstaafu wa hisabati, Mama Jedwali, kwenye piano; na muuguzi mmoja mkimya kwenye ngoma, ambaye wiki nzima aliwachoma watu sindano kwa upole na mwisho wa wiki akamalizia hasira zake kwa vijiti.

Sheria ilikuwa hii: hakuna kuja na kitu. Kila wimbo ubuniwe palepale, mbele ya watu, kwa kusikilizana. Kabla ya kuanza, kila mmoja alivuta mifuko yake ya suruali nje, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi, akatamka, "Sijabeba kitu." Mama Jedwali, ambaye magauni yake hayakuwa na mifuko, alifungua mkoba na kuwaonyesha watu ndani. Yote haya yalifanywa kwa uzito wa majaji wanaoingia mahakamani, na aliyecheka alikuwa peke yake.

Siku ya kurekodi albamu yao, Jumapili alasiri, katika ukumbi wa kusomea wa maktaba, Fundi Saa naye alivuta mifuko nje. Ilikuwa mitupu, kwa hilo hana kesi. Akasema, "Sijabeba kitu." Hapo ndipo alipodanganya watu sitini na maikrofoni nne kwa pumzi moja.

Maana kichwani alibeba dakika tatu na nusu za saksafoni, alizozitunga, akazipima, akazisugua na kuzikariri kwa wiki sita, amejifungia bafuni kwake. Tusimhukumu haraka, tumhukumu polepole. Katika onyesho lililotangulia, zamu yake ilipofika, hakuna kilichotoka. Alisimama na saksafoni mdomoni kama mtoto na chupa ya maziwa, akipepesa macho, mpaka mtu wa safu ya nyuma akakohoa kwa huruma. Kikohozi kile kilihamia kichwani mwake na kukaa. Ndiyo maana akafanya alichofanya: akaingia na majibu kwenye mtihani pekee duniani usio na majibu.

Katika wimbo wa nne aliyamwaga yote. Ukumbi ulisimama. Shemeji yake alimshika bega, akataka kusema neno, akaacha.

Mwezi mmoja baadaye, Jumamosi asubuhi, walikutana sebuleni kwa Fundi Saa kuisikiliza albamu kabla jalada halijapelekwa kwa mchapaji. Jalada alilibuni shemeji. Mbele, picha ya mifuko inayoning'inia na jina la albamu, *Mifuko Mitupu*. Nyuma, kwa maneno yake mwenyewe: "Hakuna aliyekuja na kitu. Tulichopata, tulipeana."

Fundi Saa alisoma, chai ikamgeukia mchanga mdomoni. Alikuwa amekusudia kusema mapema. Mara tatu alimpigia shemeji simu ili akiri, na mara tatu aliishia kuulizia friji.

"Kwani friji yenu ina nini hasa, shemeji?" aliulizwa mara ya tatu.

"Haina kitu," alijibu, na ilikuwa kweli.

Pembeni ya sebule, mama mkwe wake alikuwa akifuma sweta kwa kupapasa. Ndiye aliyemzaa shemeji, na mke wa Fundi Saa pia, na tangu macho yake yafifie aliishi hapo kwa binti yake. Siku ya kurekodi mguu ulimsumbua, akabaki nyumbani. Albamu hakuwahi kuisikia.

Wimbo wa nne ukaanza. Saksafoni ikaingia, na mama mkwe akaanza kuimba kwa pua, taratibu, sindano zikiendelea. Mwanzoni alienda sambamba na spika. Kisha akaitangulia. Alipanda juu, na saksafoni ikapanda nyuma yake. Kulikuwa na mahali Fundi Saa alijifanya kujikwaa, ujanja aliojivunia kuliko yote. Mama mkwe akajikwaa kwanza.

Muuguzi aliacha kutafuna biskuti. Mama Jedwali alivua miwani. Shemeji akabonyeza kitufe, spika zikanyamaza, na mama mkwe akaendelea peke yake hadi mwisho bila kukosea.

"Mama," shemeji akasema, "huo wimbo umeusikia wapi?"

"Si ule wa bafuni? Mkwe wangu kaupiga humo wiki nenda wiki rudi. Na mimi nangoja kuoga na taulo begani, nitafanya nini? Nikaushika." Akageuza uso kuelekea alipodhani mkwewe amekaa. "Siku hizi unaupiga vizuri, baba. Zamani pale katikati ulikuwa unakwama."

Alikuwa anamsifu. Hilo ndilo lililommaliza. Fundi Saa aliinamisha kichwa akachunguza vidole vyake vya miguu kana kwamba ameviazima. Mke wake akainuka kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa vimejaa.

"Wiki ngapi?" muuguzi akauliza.

"Sita."

"Mfupa uliovunjika unaunga kwa muda huo."

Shemeji hakucheka. Alirudisha wimbo nyuma. "Sikiliza hapa."

Besi ilipiga noti tatu za kupanda, ikanyamaza, kama mtu anayebisha hodi. Saksafoni ikapita, imevaa vizuri, bila kugeuka. Besi ikabisha tena, chini zaidi. Saksafoni ikapita. Mara ya tatu vilevile. Baada ya hapo besi ilifuata tu nyuma, kama mbeba mizigo.

"Nilikuuliza mara tatu," shemeji akasema. "Nikadhani nimekukosea. Mwezi mzima najiuliza nimefanya nini. Ukawa unanipigia simu za friji, nikasema basi, kuna jambo, hataki tu kuniambia."

"Sikukusikia," Fundi Saa akasema. "Nilikuwa nahesabu."

Alipojisikia akilisema hilo, masikio yalimwaka moto. Kudanganya ukumbi ni kitu kimoja. Huyu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, akimwita.

"Tuutoe huo wimbo," akasema.

"Hautoki," Mama Jedwali akasema, kwa sauti aliyorudishia mitihani kwa miaka arobaini. "Kilichopigwa kimepigwa. Ila hapa nyuma pana uongo, na aliyeuandika hakujua." Akamsogezea jalada na kalamu.

Fundi Saa akaandika kwa herufi ndogo: "Isipokuwa wimbo wa nne. Saksafoni ilikariri."

"Saksafoni?" muuguzi akauliza.

Akakata, akaandika: "Mpiga saksafoni alikariri."

Shemeji alisoma. Kisha akaivuta besi yake iliyokaa nyuma ya mlango, maana kwake haikuenea, akapiga zile noti tatu. Akangoja.

Fundi Saa alifungua sanduku la saksafoni. Bila kuambiwa, akavuta mifuko nje. Skrubu ndogo ya saa ikadondoka, akaiacha. "Sijabeba kitu," akasema, na safari hii hata kichwani hamkuwa na kitu.

Kilichotoka kilikuwa kibaya, mlio wa geti lisilotiwa mafuta. Shemeji akalijibu geti. Likalia tena, tofauti kidogo.

Mama mkwe aliinua kichwa, sindano zikasimama. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Huu siujui," akasema, akaendelea kufuma.