Muhogo Wenye Kucha

Asubuhi hiyo Zipora alikuwa akichuma kisamvu kwenye mstari aliopanda bintiye Tereza, mtoto wa miaka tisa, akaona kila jani lina kucha. Kidole cha mwisho cha kila jani kilikuwa kimepinda kwa ndani, kama cha marehemu mumewe, Bartolomayo. Akamshukuru Mungu, akaendelea kuchuma. Kucha alizikata nyumbani kwa kisu, maana hazikulainika kwenye kinu.

Muhogo huo ulipandwa kwa amri ya Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, kila kaya ya Ihumwa mistari yake, kwa ajili ya njaa. Sasa shamba alilitaka shemeji yake, Sila. Alidai ukoo wao wote una kidole kilichopinda, na cha Tereza kimenyooka kama msumari.

"Mwaka ule wote kaka alikuwa manamba, akikata mkonge Morogoro," alisema. "Huyu mtoto umemwokota wapi, shemeji?"

"Alirudi Pasaka. Ulimpokea mwenyewe stesheni, ukamwomba blanketi lake."

Jumbe akaja kukagua, pamoja na Abbasi, bwana shamba. Abbasi alipasua ncha ya tawi kwa wembe, akaichungulia kwa kioo chake.

"Jani hupangwa humu, mama Tereza, likiwa dogo kuliko punje ya uwele. Umbo linatoka kwa mzazi. Kisha kuna majimaji ya mti yanayoliambia: hapa refuka, hapa pinda, hapa basi."

"Kama mtoto tumboni."

"Vilevile. Na damu huruka. Mtu anaweza kubeba kidole cha baba yake asikioneshe, mti alioupanda ukakionesha."

Akaandika daftarini: muhogo wa kawaida, mzazi Tereza binti Bartolomayo.

Jumbe akasalimiana na jani kwa mkono. "Ni yeye," akasema. "Mtoto ni wa Bartolomayo. Sila, maneno yale usiyarudie."

Sila akainamisha kichwa.

"Lakini ni wa kike," jumbe akamalizia. "Shamba chukua."

Mama na mtoto walipewa hadi Jumamosi wawe wamehama. Siku hiyo Zipora alijitwika mzigo wake, na Tereza akaenda kuuaga mstari. Majani yakamshika vidole, kila moja kwa kidole chake kilichopinda. Zipora akatua mzigo, akaanza kuyafungua moja moja, taratibu, asivunje hata moja.

"Fanyeni haraka, shemeji," Sila aliita kutoka mpakani. "Ng'ombe wana njaa."

"Bado machache," Zipora akajibu.