Mashine Ndogo ya Matawi na Kuni

Kamba ya kuwashia msumeno ilimshinda mume wangu. Aliivuta, mashine ikakohoa, ikanyamaza. Akajifuta kiganja kwenye suruali, akaikamata tena, safari hii akiuma mdomo, na kile kishikio cha plastiki kikamchomoka vidoleni kikarudi chenyewe mahali pake. Muuzaji, mtu mwembamba mwenye penseli sikioni, akageuka kupanga makopo ya oili ambayo yalikuwa yamepangika vizuri tu. Nilimpenda kwa hilo.

"Imekaa sana rafuni hii," mume wangu akasema. "Mashine isiyowashwa huwa inanuna."

Nikaitikia kwa kichwa tu. Mimi ambaye nyumbani hakuna anayeniweza kwa mdomo.

Watu walimwita Radi, kwa sababu mti alioangusha ulisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Ndiyo ilikuwa kazi yake: miti iliyoegemea mapaa ya watu, iliyokauka viwanjani, iliyotishia nyaya za umeme. Yeye aliangusha, mimi nilipogoa. Mti ukishalala, niliupandia na panga langu nikakata matawi mpaka libaki gogo tupu, naye akaja na msumeno wake wa mashine kulikata vipande. Masikio tulikuwa tumeyafunga vitambaa, mashine inanguruma, kwa hiyo kuitana ilikuwa kujichosha bure. Tukawa tunagonga, mtikisiko umfikie kupitia mti. Nikipiga bapa la panga kwenye shina mara moja, maana yake endelea. Mara mbili, simama, mnyororo wa msumeno umekuwa butu.

Mimi nilijua kwa kutazama chini. Mnyororo mkali hutema maranda makubwa, ukishachoka hutoa vumbi laini la unga. Radi aliniona mjinga kwa hilo. Alisema ukisubiri vumbi umeshachelewa, mnyororo unalalamika mapema, wewe sikiliza. Tulibishana juu ya jambo hilo ujana wetu wote, na sikumbuki hata siku moja ambayo mmoja wetu alikubali kushindwa.

Ugonjwa ulianza na kifungo cha shati. Asubuhi moja alikaa kitandani anahangaika nacho, nikamcheka, nikamwambia ameanza kuzeeka kabla ya mkewe. Baadaye ikawa kijiko, ikawa ufunguo, mwisho ikawa tupa ya kunolea, ikimdondoka mkononi katikati ya kazi. Daktari alikuwa mama mpole. Alitueleza taratibu, kisha akarudia yote tangu mwanzo, kwamba misuli haikuwa na kosa, ila mishipa inayoipelekea habari ndiyo inayokufa, na haifufuki. Itaanza mikono, ije miguu, ije kifua. Nikauliza dawa. Akasema ipo ya kuchelewesha kidogo, na akalitamka hilo neno kidogo huku akitazama dirishani.

Radi alikuwa na swali moja tu.

"Masikio je?"

"Masikio hayaguswi," daktari akasema.

Niliona ni swali la mtu aliyechanganyikiwa. Tukarudi nyumbani.

Haukupita muda akasema tubadilishe mashine. Ile kubwa inamchosha, miti mikubwa waachiwe vijana, sisi tuchukue ndogo ya kupogoa na kukata kuni, inatutosha. Alilisema hilo akila, kama mtu anayezungumzia bati linalovuja. Nami, jamani, moyo ulinirukaruka. Nilijiambia kumbe tatizo ni uzito. Akipata nyepesi ataendelea mwaka, pengine miwili, na katika miaka miwili huko hospitalini hawatakosa kugundua kitu. Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo.

Siku ya kwenda dukani nilivaa gauni langu la kutokea na kandambili mpya. Akanitazama miguu, akaniambia nivae buti za kazi. Nikamuuliza tangu lini mtu akaenda dukani na buti zenye matope, au tunakwenda kuzibua mtaro? Alikaa kizingitini mpaka nikazivaa. Nilinung'unika njia nzima huku nimebeba ile mashine kubwa kwenye gunia, maana tulikuwa tumepatana na muuzaji aichukue, atupe ndogo na kuturudishia tofauti ya bei.

Basi kamba ikamshinda. Muuzaji akaacha makopo yake, akaleta nyingine, isiyo na kamba wala petroli, ya betri. Akasema hii haina taabu, mzee, ni kubonyeza tu. Radi akaigeuzageuza, akasema hiyo ni ya kukatia keki, tukacheka sote watatu, kicheko kikubwa kuliko mzaha wenyewe. Kisha akajaribu. Ilikuwa na kitufe cha usalama cha kukandamiza kwa kidole gumba, na kingine cha kuvuta kwa kidole cha shahada, vyote kwa pamoja. Kidole gumba kilikaa juu ya kile kitufe na hakikufanya lolote. Nilikuwa nakitazama, na ndani yangu nilikuwa nakisukuma kwa nguvu zangu zote.

Radi akaiweka mezani polepole.

"Lete za petroli," akasema. "Mpe mama."

Nikadhani ananitaka nimshikie. Lakini akaniambia niinyanyue mpaka kifuani, niigeuze ubavu, niinyooshe mbele kana kwamba kuna tawi. Akarudi nyuma, akanitazama viwiko na mabega. Ya kwanza akaikataa, akasema imezidi uzito mbele, nikichoka itaniangukia pajani. Ya pili kishikio kilikuwa kinene kwa kiganja changu. Ya tatu hakuikuta na kosa.

"Tanguliza mguu wa kushoto," akasema. "Kanyaga vizuri."

Nikatazama chini nione nilivyokanyaga, nikaziona buti zangu.

Alikuwa anajua tangu nyumbani kwamba mashine ni yangu. Alijua tangu siku ile aliyosema ndogo inatutosha, na katika kutosha huko yeye mwenyewe hakujihesabu. Muuzaji akatufungulia mlango wa uani tuijaribu, na Mungu anisamehe, niliomba isiwake. Nilivuta kamba kwa uvivu. Ikawaka palepale. Radi akafumba macho, kichwa amekiinamisha upande mmoja, akaisikiliza mpaka akaridhika.

"Hii."

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nitasikiliza."

Kabla hatujaondoka aliipangusa ile mashine kubwa kwa mkono wa shati lake, kila mahali, hata chini.

Nikawa mpogoaji wa majirani na mkata kuni. Magogo niliyapanga na kuyakatia nje ya dirisha la chumba chetu, yeye akakaa ndani kwenye kiti, mwiko mkononi. Akigonga ukuta mara moja, naendelea. Mara mbili, nazima na kunoa. Nilikuwa namkatalia kupitia dirishani, namwambia maranda bado makubwa, njoo uone. Muda mfupi tu vumbi linaanza. Mtu yule alinikera! Baadaye nikawa namfunga mwiko mkononi kwa kitambaa. Baadaye mkono haukunyanyuka tena, nikausogeza ule upande wa miguu wa kitanda mpaka ukutani, akawa anagonga kwa kisigino. Sauti ikawa ndogo. Nikajifunza kuzima mashine kila baada ya gogo nisije nikaikosa.

Sasa hayupo, na watu wakinisifu kwamba najua kunoa, naitikia tu. Siku ninayoikumbuka mimi ni ya karibu na mwisho wake. Mnyororo ulikuwa umeisha makali nami najua, nikauacha makusudi, nione kama atagonga. Nilikata gogo zima kwa ubutu. Ulilia, ulinuka moshi, vumbi likanijaa buti. Nikazima, nikangoja. Kimya. Nikawasha, nikakata jingine, nikazima. Hakuna kitu.

Nikaingia ndani bila kuvua buti. Alikuwa macho. Alikuwa anautazama ukuta, jasho limemlowesha uso mpaka shingoni, na kisigino kilikuwa palepale nilipokiweka asubuhi.

Nikakaa mwisho wa kitanda. Nikakishika kisigino chake kwa mikono miwili, nikakigonga ukutani mara mbili.

"Nimesikia," nikamwambia, nikatoka kwenda kutafuta tupa.