Beseni la Bi Mwanawema

Nilikwenda kijiji cha Vitongoji kwa Bi Mwanawema, shangazi wa mume wangu, na kibegi kimoja cha mgongoni: madira mawili, kanga na nguo za ndani. Nitafua kila siku, nilijiambia, basi.

Siku ya kwanza nilipochutama tu nifue, akaninyang'anya sabuni. "Mgeni hafui kwangu! Majirani watasemaje?"

Siku ya pili nilitoka kuoga nikakuta nguo zangu zote kambani, chupi zimefichwa chini ya kanga yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Kwani mimi sina mikono?

Siku ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, nilijaza beseni maji nikalibana kwa magoti. Akaja, mkono kiunoni.

"Samiha, inuka."

"Siinuki, shangazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mie jembe silitaki, nipe sabuni."

Akageuka, akaingia ndani. Nikajua nimemuudhi, lakini sikuinuka.

Akarudi na sabuni, na furushi la nguo zake mwenyewe. Akalibwaga mbele yangu.

"Haya, mwanangu. Na zangu za ndani uzifiche chini ya kanga yako."