Picha Zisihame

"Hivi wewe shoga, kazi yako hasa ni ipi?" jirani alimuuliza siku moja, wakianika nguo kwenye kamba moja. "Unatoka na begi, unarudi na begi, mikononi huna hata doa la grisi."

"Naandika vitabu vya kufundishia watu mashine za kiwandani."

"Vitabu! Basi kuanzia leo wewe ni Mama Vitabu."

Jina lile lilimkaa moyoni. Na kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli kilipomtaka achague programu ya kuandikia vitabu hivyo, mbili ziliwekwa mbele yake. Moja haikuwa na sura, maandishi matupu, lakini fundi yeyote angeweza kuifungua kwenye kompyuta ya karakana akasahihisha mwenyewe. Nyingine ilitoa kurasa za kupendeza, picha zimetulia kama zimepigwa pasi, ila ilifunguka kwenye kompyuta yake peke yake.

"Hii nzuri kuitazama," alisema fundi mkuu, akijikuna kidevu. "Nikitaka kuongeza neno je?"

"Utaniambia mimi, fundi. Si nipo?"

Akachagua ya kupendeza. Akilini alikuwa anamwona jirani akikigeuzageuza kitabu na kusema, lo!

Na jirani alikigeuza kweli, maana Mama Vitabu ndiye aliyemtafutia nafasi ya kujifunza kazi pale. "Shoga, hiki hata kukishika naogopa, nitakichafua!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Halafu fundi mkuu akaja. "Mama, tumebadilisha vali ya pipa la kuchemshia. Ya zamani ilitoa mvuke yenyewe. Hii mpaka uizungushe kwa mkono kwanza, ndipo ufungue mfuniko. Tia hilo kitabuni."

Alilitia. Picha za sura nzima zikaruka, moja ikaenda kukaa chini ya kichwa kisicho chake. Akalifuta lile neno. Nitaliweka nikitulia, alijiambia, na kutulia kwenyewe hakukuja.

Jirani alifuata kitabu: taa ikizimika, fungua mfuniko. Mvuke ukamuunguza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Sasa walikuwa ofisini, jirani amefungwa bandeji, kitabu kimefunguliwa mezani.

"Kitabu kipo, na wageni wote wanakisifia," alisema meneja. "Mwanafunzi hakusoma. Hatuwezi kuendelea naye."

Fundi mkuu alimtazama Mama Vitabu. Alimwachia yeye aseme.

Uso ulimwaka Mama Vitabu. Akaomba kimoyomoyo apewe ulimi, na alipopewa akatamani asingeupata.

"Alisoma, bosi. Kitabu ndicho kilichokosea. Mimi ndiye niliyekosea."

Jirani aligeuka polepole. "Fundi alikuambia? Kabla sijaungua?"

"Aliniambia."

"Sasa mbona hukuandika, Mama Vitabu?" Mara hii jina halikuwa na kicheko ndani yake.

Alitafuta jibu lingine, lolote, lenye heshima kidogo. Hakuliona.

"Picha," alisema. "Picha zilikuwa zinahama."

Meneja alikohoa. Fundi mkuu akainamia viatu vyake.

"Shoga, nafasi yako haiendi popote, mimi nita..."

Jirani alikifunga kitabu kwa mkono mzima, taratibu, akalisawazisha jalada lake linalong'aa kama mtu anayefuta vumbi. Akavuta mtandio begani, akafungua mlango, akatoka.