Kipimo Alichonyimwa Mama Mkwe

Tabibu wa zahanati yetu alijaliwa ulimi, na hakuna kitu alichokisifu kama kile kipimo kipya. Kilikuwa kidude cha kuenea kiganjani: unatia tone la damu kwenye kadi, unaichomeka, na baada ya robo saa kinakwambia kama moyo wa mgonjwa umeumia. Yeye ndiye aliyepelekwa kusomea, na ndiye aliyewafundisha wauguzi. "Mkishuku, pimeni," aliwaambia. "Msisubiri mtu aanguke."

Jumatatu moja asubuhi, benchi limejaa, mama mkwe wake aliingia ameshikilia ukuta.

Mama huyu kwa kulalamika hakuwa na mfano. Leo goti, kesho mgongo, na ugonjwa ukitajwa redioni humpata kabla taarifa haijaisha. Mkwewe alikuwa amempachika jina, Bibi Leo-Kesho, na wenzake walilicheka kwenye chumba cha chai.

"Mwanangu, hapa chini ya kifua pamebana," alisema. "Na taya linauma. Jasho hili nalo silielewi."

"Jana ulikula nini, mama?"

"Maharage."

"Basi ni gesi hiyo." Akamwandikia dawa ya kiungulia, akamsindikiza mlangoni kwa adabu zote.

Muuguzi, binti ambaye hata miezi mitatu kazini hakuwa ametimiza, alimsogelea. "Daktari, si tumpime? Taya, jasho..."

"Kadi zimebaki nne. Ni za wagonjwa, si za Bibi Leo-Kesho."

Alidhani amenong'ona. Mama mkwe, hatua mbili mbele, aligeuka akamtazama. Kisha akaenda kuketi benchi la nje, apate kuvuta pumzi.

Muuguzi alisubiri tabibu aite mgonjwa mwingine, akatoka na kifaa mfukoni.

Robo saa baadaye mlango ulisukumwa bila hodi. Muuguzi aliweka kifaa juu ya cheti alichokuwa akiandika tabibu. Namba ilipita kiwango cha kawaida zaidi ya mara kumi.

Tabibu alisimama, kiti kikaanguka. Alimtafunisha mama aspirini, akaita gari la wagonjwa, lakini alipomtafutia mshipa aliukosa mara mbili, hadi muuguzi akamnyang'anya sindano. "Niachie mimi, daktari."

Hospitali kuu walikuta mshipa wa moyo umeziba, wakauzibua. Siku ya tatu ukoo mzima ulizunguka kitanda.

"Mshukuruni mkwe wangu," mama alisema, sauti bado nyembamba. "Aliniangalia mara moja tu, akajua."

Mke wa tabibu alimshika mumewe mkono machozi yakimtoka. Shemeji wakampiga mabegani. Tabibu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alizipokea pongezi zote.

Walipotoka, akabaki. "Mama, kwa nini umesema vile? Ulinisikia."

"Nilikusikia. Na hilo jina nalijua tangu mwaka jana." Alifumba macho. "Lakini binti yangu anaishi na wewe. Nikuvue nguo mbele ya watu ili nipate nini?"

Angemtukana, ingekuwa nafuu.

Alimkuta mkewe nje ya wodi akizungumza kwenye simu, akamsubiri amalize. "Si mimi niliyempima. Mimi nilimfukuza. Ni muuguzi, tena kwa kunificha."

Mkewe hakupiga kelele. Alimtazama kama anayemtafuta mtu aliyemfahamu, akauliza, "Muuguzi yupi?"

Kesho yake mkewe alifika zahanati. Tabibu alimsikia akisalimiana na watu wa benchi, kisha akimshukuru muuguzi hadi wote wawili wakalia. Mlango wake aliupita. Nyumbani walizungumza ya lazima tu kwa wiki nyingi.

Mama mkwe alipona. Siku za kliniki hupanga foleni kwa muuguzi. Tabibu akipita humwamkia, "Shikamoo, mama," naye huitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa upole uleule wa siku zote. Ni upole huo unaomfanya tabibu atazame sakafu.